Gari la Rangi ya Papai

Mama mkwe wangu, mwanamke ambaye hakuruhusiwa hata siku moja kuketi katika gari la Kimarekani ambalo mumewe alikuwa akiliendesha Lubumbashi, alipanda kiti cha nyuma cha gari kama hilo Jumamosi moja asubuhi, hapa Brussels, akazamisha mkono kati ya kiti na egemeo bila kupapasa, akatoa kitu kidogo, akakifumba kiganjani, akakitia kwenye mkoba wake. Tuliokuwa karibu sote tuliona. Mkoba wenyewe una kifungo cha shaba kinacholia kinapofungwa, na sote tulikisikia. Mpaka leo hajamwonyesha mtu alichokitoa.

Ili ieleweke kwa nini chakula cha Jumapili katika familia yetu siku hizi huisha kwa mabishano na vicheko, lazima nirudi nyuma, nianzie kwenye picha.

Picha hiyo imetundikwa Laeken, mtaa mmoja wa Brussels, sebuleni kwa wifi yangu, ambako mama mkwe anaishi. Baba mkwe, ambaye sikumkuta hai, amesimama kando ya gari akiwa na sare ya udereva, kofia kwapani, mkono mmoja juu ya pezi. Nasema pezi kwa sababu ndivyo lilivyo: ubavu wa nyuma wa gari unapanda juu na kuchongoka kama mgongo wa samaki mkubwa, na chini yake kuna taa nyekundu mbili zilizochongwa mfano wa roketi. Yaani, nakisia kwamba ni nyekundu. Picha ni nyeusi na nyeupe.

Gari halikuwa lake. Lilikuwa la injinia Mbelgiji wa kampuni ya madini, na baba mkwe alikuwa dereva wake. Sheria ya injinia ilikuwa nyepesi kukumbuka: dereva hukaa mbele, mwenye gari na familia yake hukaa nyuma, na familia ya dereva haikai popote. Lakini saa sita mchana dereva alirudi nyumbani kula, na gari lilikuja naye mpaka mlangoni, likajaza barabara ya mtaa wa wafanyakazi kiasi kwamba baiskeli zilipita kwa kubebwa. Mama mkwe, wakati huo bibi harusi mbichi, alitoka na ndoo na kitambaa kulifuta vumbi wakati mumewe akila ugali. Alilifuta miaka. Aliijua kila nakshi ya kromu. Kuketi ndani, hapana. Mumewe alimwambia ipo siku. Injinia akaondoka, gari likaondoka, mume naye baadaye akafariki, na siku yenyewe haikuja.

Mimi nimeolewa katika familia hii. Nimetoka Moshi, nilifanya kazi ya redio kabla ya kuja Ubelgiji, na kwa sababu hizo mbili wakwe zangu wananiita Maman Radio. Kiswahili changu wanakiita Kiswahili bora, wakimaanisha kwamba kinafaa kutangazia habari ila hakifai kuagizia samaki. Nilipofika kwao mara ya kwanza nilimwamkia mama mkwe kwa shikamoo, na shemeji zangu wakatazamana kama watu waliosikia kengele ya shule.

Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, anaendesha basi la jiji. Ni mtu wa tumbo, wa viatu vinavyong'aa, na wa ahadi moja. Aliahidi akiwa kijana kwamba atamkalisha mama yake katika gari la baba. Si gari zuri tu, si gari kubwa tu: gari la baba. Alitafuta kwa miaka, akizungukia maonyesho ya magari ya kale yanayofanyika viwanjani Jumapili, mpaka akampata mjane mmoja wa upande wa Waterloo aliyekuwa na gari la Kimarekani chini ya turubai. Mapezi yalikuwa yale yale. Taa za roketi zile zile. Mjane akasema marehemu mumewe alilinunua kutoka kwa watu waliorudi kutoka Kongo. Watu gani, hakujua. Shemeji hakuhitaji kusikia zaidi. Alilivuta kwa lori mpaka gereji ya kupanga kule Evere, akaanza kulifufua kwa vipuri vilivyokuja kwa posta na kwa maneno matamu.

Lilikuwa na tatizo moja tu. Lilikuwa la rangi ya feruzi, ile buluu ya kijanikijani kama maji ya bwawa la kuogelea.

Mama mkwe aliletewa picha kwenye simu. Aliitazama, akarudisha simu.

"Ile ya papa yenu ilikuwa rangi ya papai," alisema; papa kwao ni baba. "Papai ya kuiva, ndani."

Shemeji alimwonyesha ukutani: mapezi ndiyo hayo, taa ndizo hizo, hata namna bampa lilivyopinda. Akamwambia kwamba picha ya baba inathibitisha. Mama mkwe akamuuliza picha ya baba inathibitisha rangi gani, nyeusi au nyeupe. Hapo mume wangu aliinuka kwenda jikoni, na tukamsikia akicheka na mfereji umefunguliwa.

Jambo hili lingeweza kubaki kichekesho cha familia, lakini mwaka huu ukaja mpango wa misa ya shukrani. Mama mkwe alikuwa amewekewa nyonga mpya, anatembea bila fimbo, na amefika umri ambao watoto wake wanautaja kwa sauti ya chini kama vile ukisikika utaondoka. Ikaamuliwa misa ifanyike parokia ya Laeken, sherehe ukumbini Saint-Josse, na shemeji akatangaza kwamba mama ataenda kwa gari la baba. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa utulivu ule wa mtu anayekataa kuongezewa wali.

"Miye nitaingia mu ile ya papa yenu. Motokari ya mwingine muntu, hapana. Nitaenda na tram."

Hapo ndipo shemeji yangu alipoacha kulala vizuri. Nilimwona akipungua, na kwa mwili wake hilo lilihitaji bidii. Mama yake kwenda na tramu kwenye shukrani yake mwenyewe, na gari la ahadi likimfuata nyuma tupu kama mbwa asiyetakiwa: hilo lingekuwa jibu la miaka yake yote chini ya boneti lile.

Aliniomba nichunguze. Alisema mtu wa redio anajua kuuliza. Basi nikafanya nilichozoea: nikatenga Jumamosi kadhaa, nikaenda maktaba, nikasoma.

Nilitegemea kuchoka. Badala yake nilitoka pale kichwa kikizunguka kama mtoto aliyeshuka kwenye pembea. Sikujua kwamba watengenezaji wale wa Marekani walianza wengine kwa kutengeneza baiskeli, wengine mabehewa ya farasi, na kwamba walikuwa wengi mno mwanzoni, wakamezana mpaka wakabaki wachache wenye mji wao mmoja, Detroit. Sikujua kwamba kwa muda mrefu gari maarufu kuliko yote lilipatikana kwa rangi nyeusi tu, na kwamba ushindani ulipokuja ulikuja na rangi: mwenye kiwanda cha pili aliona kwamba mtu mwenye gari zima lisilo na kasoro anaweza kununua jingine, mradi la mwaka mpya lisifanane na lake. Tangu hapo kila mwaka sura ikabadilishwa. Kromu ikaongezwa. Kisha vita vikaisha, wachoraji wakazipenda ndege za kivita, mikia yake ikahamia kwenye magari, na kila mwaka mapezi yakapanda kidogo, yakapanda tena, mpaka yakafika juu kabisa, halafu yakaanza kushuka taratibu kama mtu aliyevaa kofia kubwa kwenye sherehe akagundua ni yeye peke yake. Mapezi hayakuwa na kazi yoyote. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili kwa furaha. Wanaume wazima wenye tai walikaa mezani wakajadili urefu wa pezi ambalo halina kazi.

Na rangi. Miaka ile waliuza magari ya rangi mbili, paa rangi yake na mwili rangi yake, na kadi za rangi zilikuwa na majina kama ya aiskrimu. Nilinakili hilo bila kujua kwamba litakuja kutuokoa.

Jambo la pili nililopata lilimfanya shemeji apige meza. Magari hayo hayakuja yote yamekamilika kutoka Marekani. Mengine yalikuja vipande vipande ndani ya makasha, kwa meli, yakaunganishwa Antwerp, saa moja tu kutoka hapa. Nilikwenda huko kumtembelea mzee mmoja Mflandria aliyefanya kazi hiyo ujanani. Alinikaribisha kahawa, akaniambia kwamba ndiyo, mengine yalipakiwa tena bandarini hapo hapo kwenda Kongo, na kwamba rangi ya papai anaikumbuka. Nilimuuliza ilikuwa ya kawaida au ya nadra. Akasema ilikuwa ya wake za mainjinia.

Nilirudi na treni nikiwa nimesisimka kupita kiasi, lakini nilijizuia kama nilivyofundishwa kazini. Kulikuwa na gari la papai lililokwenda Kongo. Shemeji alikuwa na gari la feruzi lililotoka kwa watu waliorudi kutoka Kongo. Hayo ni mambo mawili, bado si moja.

Wakati mimi nakusanya habari, wifi yangu alikuwa anakusanya vipimo. Katika familia hii hakuna shughuli bila sare, na wifi ndiye waziri wa sare. Harusi, ubatizo, msiba, watu wote wa nyumba hukata kitenge kimoja, na kitenge kikishakatwa kwa ajili ya shughuli, hakibadilishwi. Kubadilisha ni kama kusema shughuli yenyewe haikufikiriwa. Wifi alichukua picha ya gari la shemeji, akaenda nayo madukani Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, akasimama nayo mbele ya marobota mpaka akapata feruzi inayolingana kabisa na mlango wa mbele. Akanunua kwa ajili ya watu wote: sisi wanawake nguo ndefu, wanaume mashati, watoto kila mmoja na chake. Fundi akakata. Wifi hakumuuliza mama yake kuhusu rangi, kwa sababu rangi alikuwa ameiona kwa macho yake. Lilikuwa kosa, lakini ni kosa ambalo familia yetu tu ingeweza kulifanya kwa ufanisi wa namna ile: tulivalia gari sare kabla ya kujua gari ni la rangi gani.

Wiki chache kabla ya misa, shemeji alipeleka gari kwa fundi wa rangi, Mturuki mmoja mpole mwenye karakana katika ua wa nyuma huko Saint-Josse. Kulikuwa na kutu kidogo kwenye ubavu, chini ya pezi la kulia. Fundi akapiga msasa mahali hapo. Feruzi ikatoka. Chini yake ikaja nyeupe. Shemeji, aliyekuwa amesimama pale akinywa chai kwenye gilasi ndogo, alimwambia asimame. Fundi hakusikia kwa sababu ya mashine, akaendelea, na nyeupe nayo ikatoka.

Simu zetu zote zililia kwa pamoja. Nilikuwa kwenye foleni dukani. Mume wangu kazini. Wifi na mama mkwe nyumbani. Kwenye kioo cha simu palionekana kidole kikubwa cha shemeji, na mbele ya kidole duara ndogo kama sahani ya kikombe. Rangi yake ilikuwa ya chungwa iliyopauka na wekundu kidogo ndani. Nilianza kuieleza hivyo hivyo, kwa Kiswahili bora.

"Papai," alisema mama mkwe.

Akamwamuru mwanawe aongeze. Mashine ikalia tena. Duara ikawa sahani, sahani ikawa sinia. Shemeji alikuwa analia na kucheka, na Mturuki, ambaye hakujua lolote, naye akaanza kucheka kwa sababu haiwezekani kumtazama shemeji yangu akiwa na furaha bila kuambukizwa. Mama mkwe alisogeza simu karibu na uso mpaka tukaona jicho lake moja tu.

"Bon," alisema. "Mulikuwa munasema macho yangu ilikufa."

Katikati ya kicheko hicho tukasikia sauti ya wifi kutoka nyuma ya jicho la mama, ikiuliza polepole nguo zote za feruzi tutazipeleka wapi.

Kikao kilifanyika Laeken jioni ile. Shemeji alitaka gari lote liwe papai, na haraka. Wifi alisema gari likiwa papai sisi tutaonekana kama wapita njia waliokwama kwenye picha ya watu wengine, na kwamba fundi ameshakata, na kitenge kilichokatwa kimekatwa. Shemeji akasema yeye hatamwambia baba yake mbinguni kwamba kitenge ndicho kilichoamua. Wifi akamjibu kwamba baba yao alikuwa mtu wa kuvaa, na ataelewa upande wake. Walibishana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na walipokasirika zaidi kwa Kilingala, ambacho katika familia hii ni lugha ya kumwambia mtu kwamba umechoka naye.

Mimi niliinua mkono kama mwanafunzi. Niliwaambia kuhusu rangi mbili. Niliwaeleza kwamba miaka ile, huko Detroit, watengenezaji wenyewe walifanya hivyo kwa makusudi, paa hivi na mwili vile, na kwamba papai na feruzi vingeweza kukaa pamoja bila mtu kuona ajabu. Paa libaki feruzi. Chini yote iwe papai. Sisi tutalingana na paa.

Wote wakamgeukia mama mkwe. Ndiye aliyesema hatapanda gari la mwingine. Je, gari la baba lenye paa la mwingine lilikuwa la baba?

Alikunywa chai. Alikula kipande cha keki.

"Miye nitaikala chini," alisema hatimaye. "Siyo juu ya toiture."

Sijawahi kuona chumba kikipumua vile. Wifi alimkumbatia kaka yake, mume wangu akanikumbatia mimi, na shemeji akatangaza kwamba tangu leo nisiitwe tena Maman Radio, niitwe Maman Detroit. Jina hilo limenishika. Wanakwaya wananisalimia nalo.

Jumamosi ya misa ilikuja na jua, jambo ambalo Brussels haikuwa imetuahidi. Shemeji alitoka Evere asubuhi na namba za magari ya kale nyuma, zile zinazoliruhusu gari la umri ule kuingia mjini licha ya moshi wake, akafika Laeken na kuliegesha mbele ya jengo. Au tuseme mbele ya jengo letu na la jirani. Lilikuwa papai tupu chini, feruzi juu, kromu inawaka mpaka macho yanauma. Majirani walishuka na kahawa zao. Tramu iliyopita ilipiga kengele, na dereva wake, anayemfahamu shemeji, alisimama kituoni kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Shemeji alikuwa amevaa kofia. Si ya basi. Kofia ya udereva ya zamani, aliyoshonesha kwa kuiga picha. Mama mkwe alipotoka kwenye lifti na kitenge chake cha feruzi, akaiona kofia ile, alisimama. Alimtazama mwanawe juu mpaka chini. Kisha akamrekebisha kola.

Shemeji alifungua mlango wa nyuma. Alikuwa amebadilisha kila kitu ndani ya gari lile isipokuwa kiti cha nyuma. Kiti kilikuwa bado kizima, ngozi imepasuka kidogo tu, akaona akiache hivyo. Mama mkwe hakusaidiwa. Alikaa kwanza, akageuka, akaingiza miguu, nyonga mpya na kila kitu. Mkono wa kushoto ukashika kishikio cha mlango. Mkono wa kulia ukashuka pembeni, ukaingia kwenye mkunjo wa kiti mpaka kiwiko, kama mtu anayechukua ufunguo mahali anapouweka kila siku. Ukatoka umefumbwa. Mkoba ukafunguliwa, ukafungwa, kifungo kikalia.

Nilikuwa nimeketi kando yake. Sikuona zaidi ya vidole.

Shemeji aliona kwenye kioo. Aliwasha gari, akalizima tena, akageuka nusu, kofia ikipinda. Aliuliza, kwa sauti nyembamba isiyolingana na mwili wake, maman ametoa nini pale.

"Shofere hasemake na batu ya nyuma," alisema mama mkwe. "Papa yako hakukufundisha? Endesha."

Akaendesha.

Sitaeleza misa, ila kwamba padri alitoka nje kuliona gari kabla ya kuanza na kwamba kwaya iliimba haraka kuliko kawaida kwa sababu kila mtu alijua kuna msafara. Kutoka kanisani magari yetu yote yalimfuata shemeji, taa zimewashwa, honi zinalia, feruzi ikipepea madirishani. Honi ya gari lile ina sauti mbili, moja juu moja chini, na inapolia mtu hugeuka na uso ulio tayari kucheka. Watu wa Laeken walipunga. Mama mkwe naye alipunga, kwanza kwa aibu, baadaye kwa mkono mzima, mwishoni kwa namna ya mtu anayeahidi barabara na hospitali.

Yeye ndiye aliyetaka tupite Saint-Josse katikati, penye maduka, badala ya barabara pana. Alisema hakuvaa vile kwa ajili ya miti. Shemeji alitii. Basi tukaingia mtaa mwembamba, na kwenye kona ya duka la mboga gari la Detroit likakutana na Brussels. Pua ilikuwa tayari kwenye mtaa wa pili na mapezi yangali kwenye mtaa wa kwanza. Mbele palikuwa na makasha ya bilinganya, nyuma palikuwa na familia nzima inayopiga honi ikidhani bado tunasherehekea.

Mwenye mboga alitoka akaondoa bilinganya. Kinyozi akatoka na mteja mwenye sabuni nusu ya uso. Kila mtu akaanza kumwelekeza shemeji, kwa Kituruki, kwa Kiarabu, kwa Kifaransa, na mama mmoja Mkongo dirishani akimwita tonton, yaani mjomba, na kumwambia akate kushoto. Fundi wetu wa rangi, ambaye karakana yake iko nyuma ya pale, alisikia honi akaja mbio na aproni, akasimama kando ya pezi la kulia mikono imetandazwa, tayari kupondwa yeye kuliko rangi yake kukwaruzwa. Shemeji alivua kofia, akaiweka magotini. Nilimwona akigeuka kuwa dereva wa basi. Alikwenda mbele kiganja, nyuma kiganja, mbele kiganja, uso hauna kitu, na mama mkwe nyuma yake anacheka mpaka machozi yanaingia kwenye poda, ameukumbatia mkoba kwa mikono miwili. Mapezi yalipopita kona, mtaa mzima ulipiga makofi. Mteja wa kinyozi alipiga makofi pia, sabuni ikaruka mpaka kwenye paa la feruzi.

Ukumbini tulicheza mpaka viatu vikatushinda.

Sasa, nikiwa mtu wa kupanga mambo, niyaweke yanavyojulikana. Kwamba gari ni la aina ile ya kwenye picha, ni kweli. Kwamba lilikuwa la rangi ya papai, ni kweli. Kwamba kuna mengine ya papai yaliyokwenda Kongo, mzee wa Antwerp amesema. Mjane wa Waterloo hakumbuki zaidi. Na kuna mkono wa mama mkwe, uliojua pa kuingia.

Kuhusu alichokitoa, shemeji anashikilia kwamba ni kifungo cha sare ya baba, maana kwenye picha, ukiangalia kwa kioo cha kukuzia, sare inaonekana kama imepungukiwa kimoja. Sisi wengine tunaona kivuli. Wifi anasema ni hereni. Mume wangu anasema ni ganda la karanga la mjane wa Waterloo, na mama anatuchezea. Wanapobishana, mama mkwe hula chakula chake na kuomba pilipili.

Mchana mmoja tulikuwa wawili tu. Nilimuuliza kama nilivyofundishwa kuuliza, bila kuzunguka: je, aliwahi kuketi ndani ya gari lile, kule Lubumbashi, gari likiwa mlangoni na injinia hayupo?

Alikunja kitambaa alichokuwa anakunja. Alikilaza juu ya vingine.

"Unauliza juu ya siku gani?" alisema.

Nilisubiri. Redio ilinifundisha kwamba ukinyamaza mtu ataendelea. Hakuendelea. Nilipomuuliza cha kwenye mkoba, aliuhamishia upande wa pili wa kiti.

Anakwenda nao kanisani kila Jumapili. Wiki iliyopita alinipa nimshikie akipanda tramu, na nakiri niliutikisa kidogo. Ndani kuna kitu kidogo kigumu kinacholia. Rozari yake nayo hukaa humo, na rozari pia hulia.